Kiti Kitupu cha Farasi

Soksi! Jamani, soksi! Mtu mzima na ndevu zake nne, bingwa wa kusoma nyota za wenzake, kaponzwa na jozi ya soksi! Ngojeni, nimeanzia mkiani. Nimekuja mbio kutoka kule mferejini, chai yangu ya maziwa nimeiacha langoni na vile vipunje vyake vyote vya unga wa mhogo, hata pumzi sijapata. Haya, tuanze upya.

Kona ya lango la hekalu la Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, pale ambapo kila anayeingia kuchoma ubani lazima apite, ndipo alipokaa Mwalimu Kang Fu-lai. Nasema "alipokaa," mtaona kwa nini. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za siku na saa uliyozaliwa kisha akuambie utaolewa lini. Bango lake liliandikwa "Nyota za Kweli, Maneno Machache." Machache! Yule baba akifungua mdomo, njiwa wa hekaluni wanahama. Tena ukimuuliza mwaka wake (kwetu kila mwaka una mnyama wake, hata kila siku na saa, kumi na wawili kwa zamu), yeye kazaliwa mwaka wa Joka. Bila shaka. Nani hapa Tainan atamlipa mtabiri aliyezaliwa mwaka wa Nguruwe?

Sasa nyuma ya hekalu kuna Bi Ou Su-mei, mjane, anapika bata kwa tangawizi. Nyumba yake ina ghorofa tatu: chini duka, juu analala, katikati kuna masanduku ya marehemu mumewe. Binamu yangu Pei-yu anahudumia pale mchana, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Siku moja mchana Kang kaja kula bata. Kala, kanywa mchuzi, kapanda ngazi kutafuta choo. Mlango wa katikati ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia, na choo akakisahau palepale. Masanduku mpaka darini, na ndani yake mabonge ya chai ya Pu'er, duara kama chapati nene, karatasi zimebadilika rangi kwa uzee. Hii ni ile chai inayokaa kabatini na kupanda bei kama kiwanja. Kuna watu Hong Kong wanauza gari wapate bonge moja.

Kang akashuka amenyooka kama askari.

"Mama," akamwambia Bi Su-mei, "jana nimekuota. Siku ya kuzaliwa na saa, nipe."

Akampa. Kila mtu hapa anazo, mama yake kamwandikia kwenye karatasi nyekundu. Kidole gumba cha Kang kikaanza kurukaruka juu ya vidole vingine, macho kayafumba nusu, midomo inatetemeka. Mkimwona mtadhani anaongea na mbingu moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi. Mama, wewe una Farasi!"

"Sina Farasi. Mtabiri wa zamani aliniambia sina Farasi wala kwato lake."

"Hakuwa mtabiri, alikuwa muuza maneno." (Sikilizeni nani anasema.) "Siku yako ni ya Nyoka. Saa yako ni ya Mbuzi. Kwenye msururu wa wanyama wetu, kati ya Nyoka na Mbuzi anakaa nani?"

"Farasi."

"Na wewe kwenye nyota zako hayupo. Lakini Nyoka yuko huku, Mbuzi yuko huku, wamemshikia nafasi katikati, kama dada wawili kwenye foleni waliomwekea mwenzao kiti. Kiti kitupu! Na Farasi kwako ndiye riziki. Mama, unabebwa na mtu usiyemwona. Umewahi kukwama, mara msaada ukatokea usijue umetoka wapi?"

Hivi kuna binadamu ambaye hajawahi? Bi Su-mei akafuta macho kwa aproni. "Mara nyingi sana."

"Basi ni yeye. Watu wenye hii wanahesabika. Ila ina sharti moja." Akainua sauti, na Kang akiinua sauti uchochoro mzima unasikia. Muuza ubani akasikia, mama wa uji wa maharage akasikia, mimi nikasikia. "Kile kiti kibaki kitupu! Farasi akionekana, akakaa, basi. Nguvu yote ilikuwa kwenye kutoonekana kwake. Na mwaka unaoingia ni wa nani?"

"Wa Farasi," uchochoro mzima ukajibu. Mtu hakuulizwa.

"Mwaka hauna mwili, unapita tu kama upepo. Ukikuta katikati pako wazi, unapita kwa amani. Ukikuta pamejaa makorokoro, unanasa humo humo, na kiti kimekaliwa. Nyumba yako ina ghorofa ya katikati, mama?"

Anauliza! Na muda wote choo hajaenda!

"Ina masanduku ya marehemu," Bi Su-mei akasema polepole. "Machai chai yake. Nitamwita shemeji A-shui aje ayatoe, yeye ndiye anayajua."

Hapo ndipo Kang alipaswa kumeza mchuzi wake na kunyamaza. A-shui, mdogo wa marehemu, ana shamba la bata nje ya mji, na chai anaijua mpaka majani yalichumwa upande gani wa mlima. Akiingia yeye, biashara imeisha.

"Shemeji yako wa mwaka gani?"

"Farasi."

Kang akaruka kama kakanyaga moto. Furaha ile, jamani, alijitahidi kuigeuza iwe hofu, ikatoka kama kwikwi. "Mungu wangu! Farasi mwenye nyama na mifupa! Mama, nakuambia mbele ya watu wote hawa: mtu wa mwaka wa Farasi akikanyaga ghorofa ile kwa unyayo wake, amekalia kiti. Riziki inatokea dirishani siku hiyo hiyo, na aliyekanyaga ndiye anadaiwa. Mimi nimeshasema."

"Na wewe Mwalimu ni wa...?"

"Joka, mama! Joka hupita juu kwa juu."

"Basi nitolee wewe."

"Mgongo wangu si mzima," Kang akasema, tayari anakunja mikono ya shati. "Lakini kwa ajili yako nitabeba. Nitayachoma kwenye tanuri la hekalu, kidogo kidogo, kwa sala."

"Njoo keshokutwa. Nipe nafasi nimuage marehemu."

Kang kaona vizuri kabisa. Alitoka pale anatembea kwa vidole, anabana kicheko kama mtu aliyeficha kuku ndani ya koti. Njia nzima kapiga simu kwa tajiri wa Hong Kong, Bwana Au-yeung: "Panda ndege, kaka. Mzigo huo."

Na nyinyi mnaona Bi Su-mei ni bibi mpole wa kuaga masanduku? Yule mama anauza bata mwenye mapaja mawili, na wateja wengine wanarudi nyumbani na bata wa paja moja, wanasema asante. Alimwona Kang anavyoshuka ngazi. Mtu aliyetoka chooni hanyooki vile. Tena miaka yote hii amekuwa anaililia ile kona ya lango, kwamba angeweka chungu chake pale, harufu ya tangawizi ingewaingia mahujaji wote puani. Kamati ya hekalu kila mwaka inamwambia kona ina mtu.

Keshokutwa ikafika na mvua yake. Kang kaja na kigari cha kukodi. Kwenye mlango wa ghorofa ya katikati Bi Su-mei akasimama, akaonyesha chini kwa kidole.

"Viatu, Mwalimu."

"Mama, kwa kazi nzito hivi..."

"Viatu."

"Naweza kuvifunga mifuko ya plastiki."

"Mume wangu alitolewa humu akiwa kwenye jeneza, na waliombeba walivua. Viatu!"

Akavua. Na chini ya viatu, jamani, soksi nyekundu! Mpya! Nyekundu ya bahasha ya sikukuu, zimenyooka mpaka magotini!

Sisi sote tunajua hilo. Mwaka wa mnyama wako ukifika, mikosi inakutafuta wewe, na dawa ni kuvaa chekundu. Ila sikukuu yenyewe ya mwaka mpya ilikuwa bado wiki mbili! Sisi watu wa kawaida hata soksi hatujanunua. Ni wasoma nyota peke yao wanaohesabu kwamba mwaka umeshageuka mapema, tangu majira ya kuchipua yalipoingia. Kwa hiyo ni nani angevaa nyekundu siku ile? Mtu wa mwaka wa Farasi anayeamini kalenda ya kazi yake. Maisha yake yote anawauzia wenzake upepo, kumbe na yeye anaununua, tena wa bei ya juu!

Bi Su-mei akaziangalia. Pei-yu, aliyekuwa ngazini na ndoo, akaziangalia.

"Soksi nzuri," Bi Su-mei akasema.

"Za... binti yangu. Kanizawadia."

Binti hana. Hata paka hana.

"Karibu ndani, Mwalimu."

Akaingia kwa unyayo wake, wa kulia na wa kushoto. Mchana kutwa akabeba, ngazi juu ngazi chini, mgongo unalia kuliko mlango, na Bi Su-mei anamwelekeza tu: "Na lile la kona. Usilikwaruze ukuta, Mwalimu." Ng'ambo ya barabara shemeji A-shui kakaa kwenye kibanda cha tambi, bakuli mkononi, anakula taratibu kama mtu aliye sinema.

Asubuhi yake ndiyo nilikuwa nakunywa chai yangu pale langoni. Ghafla yowe! Bi Su-mei kaja na chungu kitupu, kakaa chini mbele ya hekalu.

"Riziki yangu! Bata wameungua wote! Moto umezima, gesi imevuja, mchuzi umechacha! Jana tu ulikuwa mzuri! Kiti kimekaliwa, majirani, kiti cha Farasi wangu!"

Mzee Hung wa kamati ya hekalu, ambaye kazi yake ni kutafuna mbegu za tikiti na kukubali, akatoka na mbegu mdomoni. "Nani kakalia nini?"

"Huyu!" Kidole kikamwelekea Kang. "Alisema mtu wa Farasi akikanyaga, mimi namdai. Mlisikia?"

"Tulisikia," akasema muuza ubani. "Alipiga kelele sana."

"Mimi ni Joka!" Kang akaja juu. "Mwaka wa Joka, saa ya Joka, kila mtu anajua!"

"Vua viatu."

"Sivui viatu barabarani kama mtoto!"

"Basi twende ndani tukaangalie taa."

Hapo uso wa Kang ukawa mweupe kama tofu. Ukutani mwa hekalu, mkono wa kushoto wa Mama Mazu, kuna zile taa ndogo ndogo wanazowashiwa watu ambao mwaka unaoingia ni wao, kila taa na jina na mwaka wa mtu, ili mungu wa mwaka asiwapige. Tukaingia umati mzima. Na safu ya chini kabisa, nyuma ya nguzo, imejificha kama panya: KANG FU-LAI, FARASI. Inawaka vizuri, imejazwa mafuta mpaka juu.

Uchochoro ukalipuka. "Joka limeota kwato!" mama wa uji wa maharage akapiga kelele. "Hebu lia kidogo, Farasi, tusikie!"

Sasa muangalieni alipobanwa. Akisema hakuna kiti wala Farasi, ni maneno ya kutafutia chakula tu, basi amejifungia duka mwenyewe mbele ya wateja wake wote. Akisema kiti kipo, basi kakikalia yeye, kwa soksi zake.

Kang akakohoa. "Kiti... kipo," akasema.

"Basi nilipe."

"Nikulipe nini, mama? Mimi maskini wa Mungu."

"Kona."

Mnajua alifanya nini? Alicheka! Kwa ndani, lakini bega lilitikisika, nililiona. Kona ya nini? Yeye kwake ana turubai limefunika masanduku ya chai ya kununua jumba, kesho yuko Hong Kong anaogeshwa miguu! Akainamisha kichwa kama mtakatifu. "Mama, chukua. Mimi si mtu wa vitu."

Mzee Hung akarusha vile vibao viwili vya kumuuliza Mama Mazu: kimoja kikalala kifudifudi, kimoja chali. Amekubali. Bango la Nyota za Kweli likang'olewa palepale, na kabla halijagusa chini chungu cha bata kilikuwa mahali pake, kinachemka. Bata walioungua walipona haraka sana, jamani.

Ndipo Pei-yu akanivuta pembeni, anajishika mbavu. "Umejua usiku ule wa kumuaga marehemu walifanya nini?"

"Walilia?"

"Walihamisha chai yote! A-shui kaipeleka kwake, na akarudisha masanduku yaleyale, karatasi zilezile."

"Na ndani kuna nini?"

"Si unajua ile mashine yake ya shamba, inayoshindilia mabonge ya duara kwa ajili ya wakulima wa mananasi?"

"Mashine ya... Pei-yu! Ya samadi?"

"Ya bata. Imekauka vizuri. Haina hata harufu, mpaka uitie maji ya moto."

Sijawahi kukimbia vile. Kutoka langoni Kang alikwenda moja kwa moja kumpokea tajiri wake, kakodi chumba cha ndani kwenye mkahawa wa chai kule kwenye mfereji, nikang'ang'ania dirishani. Bwana Au-yeung kakaa, suti ya kijivu, kaleta birika lake la udongo kutoka kwao. Kang anamenya bonge kwa kisu kidogo, kwa heshima zote, anasema, "Hii, kaka, imelala gizani ikisubiri mtu kama wewe." Maji yanachemka. Anamimina. Mvuke unapanda. Bwana Au-yeung kafumba macho, kainua kikombe puani, kakunja uso kidogo, na Kang anamwambia, "Ni uzee huo, kaka. Usinuse. Meza."

Kikombe kikagusa mdomo, na mimi nikapasuka kicheko kioo kikatikisika, mwenye mkahawa akanitimua na ufagio! Lakini shangazi yake Pei-yu ndiye anayeosha vikombe mle ndani. Kesho, kabla hamjanawa uso, nitakuja kuwaambia tajiri alisema nini alipomeza, na Farasi wetu alitokea dirisha lipi.