Mkataba wa Kulinda Matapeli dhidi ya Mashine

"Mama, ni mimi mwanao," Sukariguru alilia kwenye simu, sauti imejaa mafua ya kubuni. "Simu yangu imeharibika, natumia ya rafiki. Nina shida, mama!"

"Wewe ni wa nne leo," alijibu mjane mwenye nyumba za kupangisha, bila hata kukasirika. "Wa kwanza alikuwa mashine, wananiambia. Lakini alivyolia! Alimtaja mpaka paka wangu. Wewe hata jina langu hulijui. Kafanye mazoezi, baba."

Akakata.

Jamani, kuna matusi na matusi. Sukariguru hakuitwa jina hilo bure: alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni na kumuuzia viatu. Miaka yote amekula kwa ulimi, na sasa kimekuja kitu kisichokula wala kulala, kinawapigia watu elfu kwa pumzi moja. Alikaa kwenye duka la kushonea la mkewe akahisi anataka kulia kweli, bila mafua.

Redio iliyokuwa juu ya rafu ya vitambaa ikasema mataifa yanakutana kuweka maadili ya akili bandia: uwazi, uwajibikaji, ushirikiano wa kimataifa. Machozi yakakauka papo hapo.

"Mke wangu, mataifa yote yamealikwa, matapeli tumeachwa. Huu si ubaguzi?"

Mkewe alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alimjibu kwa macho. Mwanamke huyu ndiye pekee mjini ambaye Sukariguru hakuwahi kumlaghai. Alikuwa na akiba ya kununulia cherehani ya umeme, ameifungia kwenye simu yake, na mumewe alishaiomba kwa sauti ya mgonjwa, ya mwekezaji, na ya mtu aliyeoteshwa. Jibu lilikuwa lilelile: "Ulimi wako naujua, nimeolewa nao."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Aanzishe Baraza la Kimataifa la Maadili ya Mashine, wenzake walipe kiingilio, baraza life kifo chake cha kawaida, na kiingilio kibaki kwa mwasisi. Ila bila wageni wa nje, umataifa uko wapi? Akaweka tangazo mtandaoni. Hajamaliza chai, nchi tatu zimeshajibu.

Jumapili duka lilifungwa na mke akaenda kwa dada yake. Kwenye meza ya kupigia pasi wakakaa Daktari, ambaye hajasomea hata kufunga kidonda, na Mzee Viwanja, aliyeuza kiwanja kimoja mara nyingi hadi wanunuzi wakaanzisha chama. Wakalipa kiingilio kwa kununa. Kwenye kompyuta ya kuazima walionekana bwana wa Kaskazini, mama wa Mashariki na bwana wa Visiwani, wote nyuso laini, hakuna hata mmoja anayekohoa.

"Ndugu wajumbe," Sukariguru akafungua, "utapeli ni kazi ya binadamu. Tufanyeje mashine zisitunyang'anye tonge mdomoni?"

"Umeuliza swali zuri sana, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema bwana wa Kaskazini.

"Swali lenye kina kabisa," akasema mama wa Mashariki.

"Zuri sana," akasema wa Visiwani.

Sukariguru akavimba. Maisha yake yote amewavisha watu kilemba cha ukoka. Hakuna aliyewahi kumvisha yeye, na kumbe kinapendeza!

Haki ya nani, kazi ilifanyika. Ibara ya kwanza: mashine isitapeli. Daktari akaona ni kali mno, ikarekebishwa: mashine ikitaka kutapeli, ijitambulishe kwanza. Ibara ya pili: katika kila utapeli kauli ya mwisho iwe ya binadamu, ili aliyelizwa apate mtu wa kumlaani. Ibara ya tatu, ya kugawana wa kutapeliwa, nusura ivunje kikao, maana Mzee Viwanja alitaka kujua shangazi anayeishi nchi moja na pesa zake ziko nchi nyingine ni wa nani.

"Huyo ni shangazi wa pamoja," mama wa Mashariki akasuluhisha. "Ndiyo maana ya ushirikiano."

Makofi yakapigwa.

"Sasa ulinzi," akasema bwana wa Kaskazini. "Kila mjumbe asome mkataba kwa sauti yake, tuisajili. Kisha ataje ndugu zake wasioguswa, namba zao, na anavyowaita nyumbani. Mashine zote duniani zitajua hao ni mwiko."

"Bei gani?" akauliza Mzee Viwanja, ambaye maisha anayajua.

"Bure."

Hapo wote watatu wakaamini. Tapeli asiyeomba pesa hawakuwahi kumwona.

Sukariguru akasoma mkataba wote kwa madaha hadi koo likakauka. Kwa upande wa ndugu alimtaja mmoja tu.

"Mke wangu. Nyumbani namwita Sindano," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anaigiza. "Wengine shauri yenu. Huyu asiguswe. Mmenisikia? Huyu hapana."

"Tumekusikia vizuri sana," zikajibu nchi zote tatu.

Jioni mkewe alirudi macho mekundu, akamshika mkono. Sukariguru akaogopa. Hakuwa ameshikwa mkono hivyo siku nyingi.

"Nimetuma," mke akasema.

"Umetuma nini?"

"Akiba. Yote. Si ulinipigia? Ukaniita Sindano. Ukasema umechoka na uongo, unataka kuwarudishia watu vyao uanze upya, ila pesa hazitoshi. Ukaniomba radhi kwa kila sauti uliyonijia nayo, moja moja. Ukaniuliza nimeshindaje, halafu ukasubiri nijibu."

Mkuki kwa nguruwe! Sukariguru akairukia kompyuta, akapiga Kaskazini, akapiga Mashariki, akapiga Visiwani. Nchi zote tatu zikaitika kwa sauti moja, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ikimshukuru kwa ushirikiano.

Nje mlango ukagongwa kama unataka kung'oka. Daktari alikuwa anapiga kelele kwamba mama yake ameuza friji, na Mzee Viwanja alikuwa anamtafuta Mheshimiwa Mwenyekiti kwa majina mengine kabisa.

"Kwa hiyo hukuwa wewe," mkewe akasema polepole.

"Ilikuwa mashine, mke wangu. Nilikuwa nakulinda, naapa."

"Ningepaswa kujua. Uliposubiri nijibu, roho iliniambia huyu siye." Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Haya. Mashine imesema yake, na imenigusa. Wewe mwenyewe, mume niliyeolewa naye, una nini cha kuniambia?"

Sukariguru akafungua kinywa. Maneno yote ya kumtoa nyoka pangoni yakamkimbia, likabaki moja, tena la kuazima.

"Umeuliza swali zuri sana, Sindano."

Mkewe akakikunja kile kipande cha kitambaa. Kisha akainuka, akaenda kuwafungulia wageni mlango.