Jiwe Haina Bafle

Jumamosi ile redio ya Georges ilitoa habari mpaka kahawa ya Mama Josée ikapoa mu vikombe. Wakubwa wa mji, ikasema, watapita na kamashini ka kupima kelele ku makanisa na ku mabaa. Atakayezidi, bafle zake, zile sipika kubwa, zitachukuliwa, maana kelele inaharibu masikio.

"Eh yaba!" Mukendi akaruka kwenye banki, benchi ya wateja wa kahawa. Huyu ndiye wanayemwita Amina, mzee wa kanisa. Bafle mbili za kanisa lao ni kubwa kama kabati. "Sasa sifa za Mungu banapima na mashini?"

"Kwani Mungu iko kiziwi?" Georges akauliza. Yeye wanamwita Ampli, fundi wa redio, meza yake iko ubavuni mwa sufuria ambamo Josée anakaanga beignet, maandazi yake.

"Mungu anasikia! Bafle ni ya kufukuza mashetani."

"Basi mashetani ya kwenu njo viziwi. Miaka kumi munabafukuza, hata moja hayahame."

Banki nzima ikacheka. Josée, na mtoto wake Reine amelala mgongoni, hakucheka. Alikuwa anamwangalia bwana yake, Banza. Banza alicheka nyuma ya wengine, kama mtu anayengoja kwanza kuona meno yao.

Banza wanamwita Masikio. Kule Kambove, kabla wenzake hawajashuka kuchimba, ni yeye anagonga paa ya shimo na bare, fimbo ya chuma. Jiwe zima linalia ngeee. Jiwe lililoachana na mwamba linajibu bu, kama sanduku tupu. Paa inasema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Juzi Banza aligonga, akasema, "Nzuri." Jiwe likaangukia bega la mwenzake Placide. Placide mwenyewe alikuwa pale kwenye banki, mkono mu kitambaa. Jumatatu wanarudi shimoni.

"Ampli," Josée akasema, "kelele inaharibu sikio namna gani?"

Georges akalaza redio chali, akatandika karatasi juu ya sipika, akamwambia Josée anyunyize unga. Akaongeza sauti. Unga ukaanza kucheza.

"Buchawi!" Mukendi akajivuta nyuma.

"Ni kutetemeka, papa! Sipika inatetemesha hewa, njo sauti. Angalia kule ng'ambo, ule mama anatwanga. Muchi unashuka, kisha njo unasikia ti! Sauti ilikuwa ingali mu njia. Ikifika mu sikio inapiga kangozi sawa ngoma, kangozi kanasukuma tumifupa, na kule mwisho kuko tunywele tudogo tudogo mu maji. Tule njo tunapelekea kichwa habari."

"Na bafle?"

"Mvua ya mawe juu ya majani. Siku ya kwanza majani yanasimama tena. Lakini kila dimanche, kila siku ya kanisa? Yanalala kabisa, na hayaote tena. Ya kulala kwanza njo ya sauti nyembamba: ndege, saa ya mukono, chuma juu ya jiwe."

Placide akashika bega lake. Wote wakageukia upande mmoja.

"Munaniangalia nini?" Banza akawaka. "Minye nasikia hata chungu akikohoa!"

"Amina!" Mukendi akadakia. "Anakaa banki ya kwanza, bega kwa bega na bafle, miaka ine. Upako umemufungua masikio!"

"Tumupime," Georges akasema. "Banza, angalia Papa Mukendi, usigeuke."

Akachukua vikombe viwili vya Josée, kimoja kizima, kimoja kimepasuka, akavigonga na kijiko nyuma ya kisogo cha Banza.

"Kizima," Banza akasema. "Kimepasuka. Kimepasuka. Kizima." Yote sawa!

"Munaona?"

Josée aliona. Aliona kila kikombe kibovu kikilia, jicho la kushoto la mzee wa kanisa linamfumbia Banza.

"Bon," akasema. Akapangusa mikono, akasimama mbele ya bwana yake, akafungua mdomo bila sauti, hata pumzi hakutoa. Midomo tu ilitembea: Banza, unataka beignet ngapi?

Banki nzima ilisikia mafuta yanachemka, basi.

"Mbili," Banza akajibu. "Na usisahau sukari."

Banza akatafuta meno ya wenzake, hakuyaona.

"Nini? Mbili ni mingi?"

"Masikio," Placide akamwambia usoni, "mama hakutoa sauti."

Banza akamwangalia mke wake. Mkono ukabaki hewani, unangoja beignet. Josée akachukua ile bare ya Banza iliyoegemea ukuta, akaiweka mu mkono mzima wa Placide.

"Lundi mukirudi shimoni, weye utagonga. Yeye atavuta kamba kule juu. Na weye, Papa Mukendi, jiwe haina bafle, kumbuka. Kesho minye na Reine tutakaa nyuma kabisa, ku mulango. Na bwana yangu utamuweka wapi?"

Mzee Mukendi akafunika mdomo na kiganja. Mara ya kwanza tangu wamjue, akaongea kwa sauti ndogo.

"Nitamutafutia kiti kando yenu."

"Anasema nini?" Banza akauliza.