Ombi la Kulipia Stripu kwa Kilo Kumi na Nne za Sukari

Nehemiah Mukhwana,
Matisi, Kitale.

Kwa Madam Nasike Wakhungu,
Afisa wa Lishe, Kliniki ya Sukari ya kila Jumatano.

Madam,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu na kwa mke wangu Sellah, mgonjwa wako huu mwaka wa pili. Hatujambo, ukiondoa yale yaliyonifanya niketi na kalamu. Nayaandika kwa nambari kwa sababu najua kliniki huita watu kwa nambari.

1. Kwanza ni ile karatasi yenye picha ya sahani uliyompa Sellah. Nusu mboga, robo samaki, robo ugali usiozidi ngumi. Mboga tunazo. Ugali tuliupima kwa ngumi ya Sellah, akasema ngumi yake ni ndogo, akaomba tutumie yangu. Tatizo ni samaki. Wiki tukinunua samaki, hatubaki na pesa za stripu za ile mashine ya kupimia sukari. Wiki tukinunua stripu, tunaona vizuri kabisa jinsi sukari inavyopanda kwa kukosa samaki. Bima tunailipia bila kukosa, lakini dirishani huambiwa stripu tujinunulie wenyewe.

2. Pili ni wageni. Wewe ni binti wa Bungoma, huhitaji kuelezwa kwamba kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kwamba kinachobebwa ni sukari, mkate na soda. Tangu habari zienee kwamba Sellah ana ugonjwa wa sukari, tumeletewa sukari mpaka kabati halifungiki. Akina mama wa kanisa walikuja kumi na mmoja. Walimwomba Mungu aishushe sukari ya dada yao, kisha wakaipanga mezani, paketi kumi na moja. Nilisema amina kwa yote mawili. Dada yangu Nakhumicha alitoka Tongaren na kilo tatu, akapewa chai isiyo na sukari, akaniita kando kuniuliza ametukosea nini.

3. Nilijaribu kuuza. Kemboi mwenye duka hapa karibu huichukua kwa bei ya kuniumiza, lakini wageni wetu nao hupitia kwake wakija. Kuna paketi moja niliyoitia alama ya kalamu pembeni. Imelala kwangu mara tatu, na mara ya tatu ililetwa na pasta. Siku hizi Kemboi huniuliza hali ya Sellah kila asubuhi, kwa upole kuliko daktari, na naamini humwombea maisha marefu, ila si afya.

4. Jumanne iliyopita Sellah alilegea akiwa bombani, jasho likimtoka na mikono ikitetemeka. Stripu hatukuwa na hata moja. Sukari ikipanda, mtu huanguka. Ikishuka, huanguka pia. Nilisimama mbele ya kabati lenye kilo kumi na nne nisijue kama natazama dawa au sumu. Madam, niliogopa. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mmoja na sikujua nimpe nini. Tulimpandisha bodaboda, nikamshika kutoka nyuma hadi hospitalini. Walipompima, ilikuwa imeshuka. Alikuwa amejidunga insulini asubuhi, kisha akaruka chakula, kwa kuwa samaki hakuwapo na ugali siku hizi anauogopa. Walimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, akafumbua macho. Tukalipia.

5. Kwa sababu hizo naomba kliniki ianze kupokea sukari badala ya pesa, kilo moja kwa stripu kumi. Birika la chai la wahudumu nimeliona, kwa hivyo haitawaozea. Hilo likishindikana, naomba uandike barua yenye muhuri, isomwe kanisani na kwenye baraza la chifu, kwamba anayekwenda kumwona mgonjwa wa sukari abebe samaki, mayai au stripu. Atakayeonekana na paketi ya sukari atobolewe kidole na kupimwa langoni, kwa gharama yake mwenyewe.

Nisikufiche: Sellah hakuliunga mkono ombi hilo la mwisho. Alipolisoma alisema, "Ukikataza watu sukari, Mama Kiptum atakuja na nini? Si atabaki tu kwake? Halafu mimi nikae hapa na wewe na karatasi." Mama Kiptum ni jirani yetu, hana samaki hata wa kula mwenyewe, na ndiye aliyemkuta Sellah pale bombani. Ombi nimeliacha lilivyo, kwa kuwa stripu hazinunuliwi kwa kutembeleana.

Nisalimie wote hapo: dada wa mizani, mzee wa lango, na yule mama wa mafaili ambaye hupoteza letu peke yake.

Nasubiri jibu kwa heshima nyingi na sukari nyingi,
Nehemiah Mukhwana.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Nakhumicha amepiga simu kusema kwamba baba yako, Mzee Wakhungu wa Bungoma, naye amepatikana na ugonjwa huu huu. Pole sana, Madam. Jumamosi tutafika kumwona. Sellah ameshachagua paketi nne ambazo hazijachanika. Nilimkumbusha niliyoyaandika hapo juu, akaniuliza kama nataka tuingie kwa watu tukining'iniza mikono. Ndiyo nimetoka kwa Kemboi sasa hivi kuongeza mkate na soda. Kati ya hizo nne imo ile yenye alama ya kalamu. Nakuomba, ikifika huko, msiiruhusu kurudi Kitale.