Amplifaya Chini ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema. Seremala amepita kwenye duka letu la miwani mchana, shati limejaa vumbi la mbao, akidai mguu wa miwani yake umelegea. Nikiwa nimeshika bisibisi akanipa habari. Dada yake mkubwa, mkunga wa zahanati, anastaafu. Jumamosi anaagwa. Bendi yetu imeombwa kupiga.

Bendi yetu! Tuko wanne. Seremala anapiga besi, na karakana yake ndiyo ukumbi wetu wa mazoezi. Mwalimu wa hesabu anapiga dramu, na huhesabu kwa sauti hata wimbo ukiwa umeshafika katikati. Mimi nina gitaa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani wa posta, naye ana gitaa. Hapo ndipo penye kasheshe.

Gitaa la solo ni moja. Solo ndilo linaloimba, na watu hulitazama. Rithimu linashikilia nyumba isianguke, na hakuna anayelitazama. Tangu tuanze, solo ni la shemeji. Lakini seremala amesema Alhamisi tutasikilizwa wote wawili, na atakayepiga vizuri ndiye atakayesimama mbele ya mkunga, madaktari na nusu ya mtaa.

Mkunga huyo ndiye aliyempokea binti yetu. Siku ile nilizimia kwenye korido nikalazwa kitanda cha pili kutoka kwa mke wangu. Binti sasa yuko darasa la tatu na watu bado wanakisimulia kisa hicho. Nataka Jumamosi niwape kitu kingine cha kusimulia.

Nimejichunguza bila upendeleo. Vidole vyangu havina kasoro. Kasoro ni vifaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemaliza kazi mapema, nikaenda kwa fundi redio. Ana amplifaya. Ameiunda mwenyewe ndani ya kabati la redio ya zamani, imenipita magoti, spika yake pana kama sinia. Nilipogusa uzi mmoja tu, madirisha ya jirani yakatetemeka. Fundi akasema mashine hii ina sikio kali, inasikia mpaka visivyosikika. Sikumwuliza maana yake. Mtu hamwulizi daktari maana ya dawa.

Tumebadilishana: yeye kachukua baiskeli yangu, mimi amplifaya. Nimemwambia mke wangu baiskeli iko kwa fundi. Si uongo. Iko kwa fundi.

Kuibeba ilikuwa shughuli. Nilipumzika mara saba. Mara ya nne shemeji akapita na mwavuli wake, akauliza kama nahama. Nikasema ni kabati la mgonjwa. Mgonjwa gani, sijui. Alitutakia heri mimi na mgonjwa.

Nimeiweka pembeni mwa sebule na kuifunika kitambaa cha meza, kile chenye maua. Nikamwambia mke wangu ni kasha la vifaa vya seremala, namtunzia. Alilitazama kasha, akanitazama mimi, akaenda kuosha vyombo. Mpango unaenda vizuri mno.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mama mkwe amekuja.

Kaja kwa ajili ya mkunga, ni marafiki wa tangu usichana. Tulimkaribisha kwenye kochi. Akasema kochi liko chini sana, magoti yake hayalitaki. Akatazama huku na huku. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kitambaa chenye maua, akakikalia.

Akasema, kwa upole wake wote, kwamba hatimaye nyumba hii imepata kiti cha heshima.

Ningefanya nini? Mama mkwe haambiwi ainuke. Mama mkwe haambiwi kitu. Nilisimama pale na waya wa gitaa nyuma ya mgongo, nikamwuliza habari za safari mara tatu.

Amekula pale. Amesuka mkeka pale. Alasiri amesinzia pale, mkono umeegemea kitufe cha sauti. Saa za mazoezi nilizojipangia zote zimepita mimi nikipiga gitaa hewani, nyuma ya mlango wa jikoni. Mke wangu alinikuta nikitikisa vidole akaniuliza kama naumwa. Nikasema mkono unafa ganzi. Akanichua mkono kwa mafuta. Nikaona haya, lakini alichua vizuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mama mkwe bado yuko juu ya amplifaya. Siku ya kusikilizwa ni leo. Nikabuni mpango wa pili.

Asubuhi shemeji aliniletea gitaa lake dukani. Ni la umeme, jembamba kama ubao wa kukatia vitunguu, bila umeme halina sauti hata ya kumwamsha paka. Amenunua nyuzi mpya, akaniomba nimfungie kwa kuwa nina bisibisi ndogo na mikono iliyozoea vitu vidogo. Ndiyo maneno yake. Aliniamini.

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu hapasomwi. Nyuzi zangu kuukuu, zilizochoka toka mwaka jana, nilizivua, nikazisugua kwa ile dawa ya kusafishia vioo vya miwani mpaka zikameremeta, nikamfungia yeye. Zake mpya nikazifunga kwenye gitaa langu. Mwenye duka alipita akanisifu kwa bidii. Alidhani ni kazi ya mteja.

Jioni karakanani. Nilianza mimi. Kumbe nyuzi mpya hazitulii! Kila baada ya mistari miwili zinashuka, nami nakimbizana nazo kama mtu anayekusanya kuku. Mwalimu aliacha kuhesabu. Kwake hiyo ni dalili mbaya.

Kisha shemeji. Sauti ikatoka nzito, laini, ya zamani. Seremala akafumba macho. Alisema hajawahi kusikia gitaa lile likilia hivyo, kama santuri za baba yake. Shemeji akapewa solo papo hapo. Akageuka, akanishukuru mbele ya wote, akasema siri ni fundi aliyemfungia nyuzi.

Mimi ni rithimu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimelala nikiliwaza jambo hili na nimeamka na mwanga. Nani kasema rithimu lazima liwe la chini? Nitapiga rithimu, ila rithimu lenye amplifaya iliyonipita magoti. Solo litasikika katikati ya rithimu langu kama mbu ndani ya neti.

Limebaki moja: kumwinua mama mkwe. Kwa uchunguzi wangu, huinuka mara mbili tu, kuoga na kusali. Nimeandika saa zake kwenye kiganja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika jioni. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Mama mkwe alipoingia bafuni nikaitoa amplifaya, nikaitia kwenye toroli la kuazima. Nikafika ukumbi wa mikutano wa zahanati kabla ya wote. Nikaichomeka. Taa yake nyekundu ikawaka. Nikajiona mtu mzima.

Watu wakajaa. Mkunga alikaa mbele, mwanamke mdogo wa umbo, gauni la buluu, mikono imetulia mapajani. Mikono ile imepokea watu wengi waliokuwa mle ukumbini, wakiwemo wawili waliokuwa wanapanga viti. Mke wangu akaingia na mama yake. Mama mkwe akatazama jukwaani. Akanyoosha kidole. Akamwuliza binti yake, kwa sauti ya mtu ambaye masikio yake yamepungua, kama kile si kiti chake.

Mke wangu alikunja mikono tu, macho kwangu.

Tukaanza. Nilifungua sauti yote. Mwanzoni ilikuwa raha, nakiri. Sakafu ilikuwa inanguruma. Ubao wa matangazo ukadondosha ratiba ya chanjo. Shemeji alikuwa anasogeza midomo na vidole bila kusikika, kama samaki. Kisha tukafika pale tulipokubaliana wote tunyamaze ili solo liingie.

Tukanyamaza. Amplifaya haikunyamaza.

Ikakohoa. Ikafoka kidogo. Halafu mwanamume mwenye sauti nzuri akasema kutoka ndani yake, wazi kabisa, ukumbi mzima ukisikia:

“Kuku aliyetaga miaka mingi, mpendwa mfugaji, usimsumbue tena. Mpe kivuli, mpe maji, mwache apumzike.”

Redio! Kabati lile lilikuwa halijasahau kazi yake ya zamani. Nilizungusha vitufe vyote. Mtangazaji akaongeza sauti, akaingia kwenye mambo ya kuhara na minyoo. Mganga mkuu aliinamisha kichwa kwenye karatasi ya hotuba yake. Nilikuwa tayari kuzimia mara ya pili katika jengo lile.

Ndipo nikamsikia mkunga. Alikuwa anacheka. Alishika mbavu, akapiga magoti yake kwa viganja, machozi yanamtoka, akamwambia mama mkwe kwamba hakuna hotuba itakayoizidi hiyo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikavuta waya kwa nguvu. Cheche moja, moshi kidogo, pu! Umeme wote wa ukumbi ukakatika. Shukuru Mungu wodi zina umeme wake.

Kimya. Gitaa la shemeji limekufa. Besi imekufa. Maikrofoni imekufa. Kilichobaki kizima ni dramu na gitaa langu, kwa sababu langu ni la mbao, lenye tundu tumboni, nami nililibandikia tu ubavuni kidude cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye amplifaya. Nikaanza kulifungasha. Mkunga akainua mkono.

“Wewe mwanangu uliyezimia,” aliniita. “Si unaujua ule wimbo wangu wa wodini? Ule wa kuwatulizia wazazi?”

Naujua. Hauna maneno, ni mvumo tu, unapanda kidogo, unashuka, unarudi. Nilikaa koridoni toka asubuhi mpaka alasiri siku ya binti yetu, nikiusikia kupitia mlangoni, na ndio uliokuwa unaniambia kwamba ndani bado ni salama. Lakini sikuwahi kuupiga mbele ya watu. Ni rahisi mno. Hauna pa kujionyesha.

Nikaketi ukingoni mwa jukwaa, nikaupiga. Uzi mmoja mmoja, polepole, kwa sababu niliogopa kukosea. Mzunguko wa pili nikapotea. Shemeji akainama sikioni mwangu akaniimbia noti mbili, nikarudi njiani. Mwalimu akagusa dramu kwa vidole tu, bila kuhesabu. Halafu akina mama wakaanza kuvuma. Mmoja, watatu, safu nzima. Wote walikuwa wanaujua. Kila mmoja aliwahi kusikia wimbo ule katika saa yake ngumu, na nadhani kila mmoja alidhani ulikuwa wake peke yake. Mkunga hakuvuma. Alikaa akisikiliza kazi yake yote ikimrudia.

Mke wangu alikuwa anavuma. Nilimwona.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekiri yote asubuhi, baiskeli na kasha. Mke wangu alisema alijua toka Jumanne, kwa kuwa hakuna seremala anayehifadhi vifaa kwenye sanduku lenye waya wa umeme. Alimwachia mama yake alikalie kusudi. Nilitaka kukasirika, lakini akanimiminia chai na kusema jambo ambalo nalinakili neno kwa neno:

“Miaka yote hii nasikia mashine zako. Jana nimekusikia wewe.”

Nikanywa chai ikiwa ya moto.

Mchana nikaenda kwa shemeji kukiri habari ya nyuzi. Nilijiandaa kufukuzwa. Akasema aliona toka siku ile ile. Nyuzi mpya hazinuki dawa ya miwani. Alinyamaza kwa sababu mpya zinamkata vidole na kuukuu zinampendeza. Akaniomba nikichosha nyingine nimwekee. Tukapiga pamoja kibarazani hadi jua likaanza kulegea, nikimshikia rithimu. Anapiga vizuri, mwanaharamu yule. Seremala kapita kusema Jumamosi tumeitwa mahali pengine, na wameomba hasa yule wa gitaa la mbao. Yule ni mimi!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku tatu nimetafakari kilichotokea, nami nimeelewa. Watu walipenda sauti tupu. Gitaa na vidole, basi. Hakuna waya, hakuna mashine. Sauti ya mtu aliyekaa karibu nawe. Nimeelewa kabisa, na sirudi nyuma.

Ila ukumbi wa Jumamosi ijayo ni mkubwa zaidi. Walioko nyuma wataipataje sauti tupu? Nimemweleza fundi redio tatizo hilo. Amefurahi sana. Kumbe anacho kifaa, sanduku dogo tu lenye vitufe kumi na viwili na pedali tatu, ambacho ukichomeka gitaa humo, linasikika sawasawa na gitaa ambalo halijachomekwa kwenye kifaa chochote.

Hicho ndicho nilichokuwa nakikosa maisha yangu yote! Anataka tubadilishane na kabati letu la vyombo. Kesho asubuhi, mke wangu akishatoka, anakuja kulipima.