Mto Mmoja kwa Migongo Yote ya Kabondo

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa jimbo, ambaye yuko njiani tangu asubuhi. Waheshimiwa wakubwa wa ofisi zote, pamoja na wale waliotuma makatibu wao. Mapadri na wachungaji. Wafanyabiashara wetu kutoka Kivu, mliofunga maduka kwa hiari baada ya kuombwa na polisi. Bamama wa samaki wa Yanonge. Vijana wa toleka, mnaobeba watu na magunia yao kwa baiskeli. Nanyi wengine wote, kila mtu kwa cheo chake na asiye na cheo kwa jina lake! (Makofi. Kengele za baiskeli.)

Bon. Mimi, Sylvain Lokinda, Coordonnateur Principal wa Mradi Mkubwa wa Mito ya Kulalia, ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao hata mimi mwenyewe unanishangaza. Tulifanya enquête, mabibi na mabwana, uchunguzi wa kisayansi, mimi mwenyewe nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, tukagundua kwamba asilimia tisini na tisa ya migongo ya Kabondo inauma, na asilimia tano iliyobaki inauma kidogo! (Makofi marefu. Mwalimu mmoja anahesabu kwa vidole, anaacha.)

Na kwa nini inauma? Kwa sababu mnalala bila planification! Mtu amepiga pedali kutoka Simi-Simi mpaka sokoni, amebeba mama na magunia ya mama, anafika nyumbani anajitupa kifudifudi, shingo imegeukia mlango, kiuno kimezama ndani ya godoro, asubuhi anaamka amepinda, anasema amerogwa. Hapana! Si ndoki, ni position! (Kicheko.)

Alors, musiseme tunaongea tu, tunafanya démonstration. Papa Liévin, panda! Huyu ni dereva wetu wa toleka wa miaka mingi, na mgongo wake, mnaona wenyewe, unasalimia watu kabla yake. (Papa Liévin anapanda jukwaani ameshika kiuno. Mkewe, Mama Orpha, anasimama: "Mukubwa, hii mugongo njo inatukulisha! Ikikatala, velo italala, na batoto balale na njaa!") Mama, tulia, État, serikali yenyewe, iko hapa.

Papa Liévin, lala kwa ubavu juu ya meza. Kunja magoti kidogo. Mto huu mzuri, wenye maua pembeni, unaingia katikati ya magoti, ili nyonga zisivutane na kiuno kipumzike. Voilà. Chini ya kichwa weka koti yangu, hapana, koti ya dereva wangu, ijaze nafasi kati ya bega na sikio, shingo inyooke. Anayelala chali, mto uende chini ya magoti. Anayelala kwa tumbo, aache. Akishindwa, mto mwembamba chini ya tumbo. Papa Liévin, unasikia namna gani? (Papa Liévin anakoroma.) Mnaona! Mradi haujaanza, matokeo yameanza!

Donc, natangaza rasmi: kila kitanda cha Kabondo kitapata mto, wenzetu wa mji wa Basoko watapelekewa yao kwa boti, na katika phase ya mwisho commission ya ufuatiliaji italala nyumbani kwenu ili kuhakikisha! (Vigelegele. Waume wanaguna.) Mto katikati ya? (Magoti!) Tumbo? (Ligeuke!) Mgongo? (Juu!)

Namaliza kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawatafuta. Nakishukuru kiwanda cha mito, ambacho kiwanja chake tutakiomba. Na zaidi namshukuru madame wangu, Générose, aliyetuazima mto wa kitandani kwake, ambao, bon, kwa leo ndio mito yote ya mradi. Desturi yetu mnaijua, remise ni ya symbolique: unapewa, unapigwa picha, unarudisha. Vijana wa protocole, toeni mto, polepole.

(Wanavuta. Papa Liévin anabana magoti, anaendelea kukoroma. Vijana wa toleka wanainua meza, kila mmoja pembe yake, wanashuka nayo wakiimba.)

E, ninyi! Munamupeleka wapi? Mama Orpha, ile muto iko ya madame! Leo atalala na nini? Nitamuambia nini, miye? Ile njo projet yote, ingine hakuna!

(Makofi kupita yote ya leo. Mama Orpha anageuka, ameshika mguu wa meza: "Asante, mukubwa! Projet yote tumeipokea!")