Kompyuta ya Mpwa Wangu Alfred

Jumamosi, 13 Januari 2018

Baridi ya kuuma pua hata ndani ya gari. Lakini siku njema! Laurean amenitafuta.

Laurean niliyekaa naye chumba kimoja mjini Saint Paul, hapa Minnesota, tulipokuwa wanafunzi. Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu na gemu moja la mpira. Kibodi tuligawana: yeye mishale ya kulia, mimi herufi za kushoto. Viwiko viligongana muhula mzima. Kisha kazi, ndoa, mtoto. Yeye akahamia Texas, na simu zikapungua mpaka zikaisha zenyewe, bila ugomvi wowote.

Leo kaandika. Amerudi Minnesota, amepanga Saint Paul karibu na kituo cha treni, na amerudia gemu. Akauliza: "Kaka, bado unacheza, au ndoa imekumaliza?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba aliacha kabla binti yake hajazaliwa. Nimejibu kwamba sijawahi kuacha. Nikaongeza kwamba mashine yangu ni kali mno, watu wa ofisini huja kuitazama. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Vidole viliandika vyenyewe.

Amefurahi sana. Tutacheza mtandaoni Jumamosi ya tarehe 27, alasiri. Nyumbani nina kompyuta ya kazini tu, ambayo hainiruhusu hata kubadili picha ya skrini.

Jumapili, 14 Januari

Mpango: kumlainisha Generosa. Mke wangu anafanya kazi maabara ya hospitali. Hupima vitu kabla ya kuviamini, mimi nikiwemo.

Baada ya kanisa nimepika mwenyewe. Wali, maharage ya nazi, kachumbari. Nimeosha vyombo. Nimekwangua barafu kwenye gari lake bila kuombwa. Kisha nikaanza kwa mbali: afya ya akili kwa wanaume wanaokaribia arobaini, majira ya baridi, mwanga hafifu, upweke. Sijafika hata kwenye upweke akanikatiza.

"Baba Elinaja, kama unataka kompyuta ya kuchezea, nunua. Ya bei ya kati tu. Usituletee mtambo wa kurushia roketi."

Basi! Nimebaki na hoja zangu mkononi. Hoja nzuri mno. Nikazimalizia zote hata hivyo, zisiharibike. Alisikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo.

Jumanne, 16 Januari

Kompyuta ya bei ya kati ndiyo ipi? Enzi zangu uliuliza kama ina sehemu ya kuingizia sidii, ukaondoka nayo. Sasa sidii hakuna anayeitaja. Nimetazama video za vijana wanaoeleza. Wanaongea kama dalali wa mnada anayewahi basi. Nilichoambulia: kuna kitu kinaitwa kadi ya picha, ndicho kinachochora gemu kwenye skrini, na bila kadi nzuri wachezaji wako watakimbia kama wamevaa magunia.

Ofisini kwetu Golden Valley yupo Elkanah, Mkenya wa idara ya kompyuta. Yeye huziunda nyumbani kwa mikono yake. Shida ni moja. Kwenye chakula cha Krismasi nilitangaza mbele yake kwamba mtu mzima anayecheza gemu anahitaji maombi. Sasa naanzaje?

Mpango wa pili, na huu najivunia: nimemwambia nina mpwa Dar es Salaam, anaitwa Alfred, anataka kompyuta ya gemu ya bei ya kati.

Macho ya Elkanah yaling'aa. "Boss, hiyo niachie mimi. Kijana ako na miaka ngapi?"

Umri sikuwa nimeufikiria. Nikasema kumi na mbili. Akauliza anapenda gemu gani. Mpira, nikasema. Masomo je? Anaongoza darasa, nikasema. Kwa nini mpwa wangu asiongoze?

Alhamisi, 18 Januari

Ushauri wa Elkanah umefika. Ni mzuri kupindukia! Prosesa ya wastani inatosha, nguvu yote uiweke kwenye kadi ya picha, kumbukumbu usiibanie, na mapambo ya taa uachane nayo kabisa. Kwa kuwa Alfred ni mtoto, ameshauri pia programu ya kuzima gemu baada ya saa moja, na kibodi isiyoharibika ikimwagikiwa juisi. Programu nimeipuuza. Kibodi nimeinunua. Najijua.

Baada ya kazi nimepita duka la kompyuta na kuchukua karibu kila kitu. Kwenye kasha Elkanah alisema la kawaida, jeusi. La kawaida! Mtu hurudi kwenye gemu baada ya miaka yote hii na kasha la kawaida? Nimechukua lenye kioo ubavuni na taa za zambarau. Nilipoliweka sebuleni Elinaja aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, tutaanza lini kuweka samaki.

Kadi ya picha hakuna. Muuzaji ameniambia wanaochimba sarafu za mtandaoni wamezikomba nchi nzima. Mzigo mwingine unaingia keshokutwa asubuhi, na kila mteja ataruhusiwa moja tu. Nitakuwepo.

Jumamosi, 20 Januari

Nilikuwepo. Foleni ilianza kabla ya mlango kufunguliwa. Nimevaa soksi mbilimbili na kofia ya Generosa. Nimepata! Ya mwisho kwenye rafu! Nilipokuwa nikielekea kulipa nimeikumbatia kama mtoto aliyetoka wodi ya wazazi.

Nikaguswa bega. Elkanah. Kaja kununua feni ya kupoza kompyuta.

Alipoiona kadi akapiga makofi. Akasema Mungu anampenda Alfred. Akasema shemeji yake, Jeptoo, anasafiri Jumatatu kwenda Dar kwenye harusi, na ataibeba. Nikasema ni usumbufu. Akasema familia ni familia. Nikasema ni nzito. Akaipima kwa mkono, akasema ni nyepesi kuliko pakiti ya unga. Nikasema kijana hana vifaa vingine bado. Akasema hivyo vingine vimejaa Dar, ngumu kupata ni hii hii.

Hoja zangu zote, zile zilizokuwa zinatosha kumshinda Generosa, sikuikumbuka hata moja. Nililipa. Akaichukua. Akanikumbatia pia.

Nimerudi nyumbani na feni. Alininunulia, ya kumpa Alfred baadaye.

Jumatatu, 22 Januari

Theluji ya mwaka! Ilianza kwa upole, kufikia mchana barabara hazionekani. Ofisi imeturuhusu mapema. Watu wote wamekwenda kwao. Mimi nimekwenda Brooklyn Park, kwa Jeptoo.

Mpango wa tatu: kumwahi kabla hajatoka, nimwambie kwamba Alfred kabadili mawazo na sasa anataka mpira wa kawaida wa miguu. Safi. Rahisi. Nilikata kona ya mtaani kwake, gari likateleza taratibu, kwa adabu kabisa, likazama kwenye rundo la theluji. Nikakanyaga mafuta. Likazama zaidi.

Nimechimba kwa kifuniko cha bakuli langu la chakula cha mchana. Vidole vikafa ganzi. Kisha pikapu ikasimama nyuma yangu. Nani mwingine? Elkanah, na koleo lake, amekuja kusafisha njia ya gari ya shemeji yake. Akachimba, akasukuma, nikatoka. Ndipo akauliza nafanya nini huku.

Nikasema nilitaka kumwachia Jeptoo maneno mawili matatu ya kumtia moyo Alfred.

Elkanah aliegemea koleo. Theluji ilimwangukia kwenye kope. Akaniambia, kwa sauti ya chini, "Wewe ni uncle wa ukweli, boss." Kisha akaniambia Jeptoo alishapelekwa uwanja wa ndege tangu asubuhi.

Nimeendesha polepole hadi nyumbani. Kasha limekaa pembeni, kioo safi, ndani hamna roho. Laurean ameandika kwamba anahesabu siku. Nimemjibu kwamba ajiandae kulia.

Jumatano, 24 Januari

Yamefika mwisho.

Nilikuwa naoga. Simu niliiacha mezani. Nikasikia inaita, nikasikia Generosa anapokea, nikasikia anasalimia kwa uchangamfu. Nikafunga maji ili nisikie vizuri. Bora ningeyaacha yamwagike.

"Alfred?" alikuwa akisema. "Ah, Alfred ana miaka thelathini na tisa, shemeji. Yupo bafuni. Alikuwa anaimba, sasa amenyamaza."

Kisha kicheko. Nilikisikia kupitia simu, kupitia mlango, kupitia taulo nililojifunika kichwani.

Kumbe ndege ya Jeptoo iliahirishwa kwa sababu ya theluji. Alipopangiwa nyingine, begi likazidi uzito, na kitu cha kwanza kutolewa kilikuwa kadi ya picha. Elkanah alipiga kumwomba Alfred radhi na kumsihi asikate tamaa. Kumwomba radhi!

Nilipotoka, Generosa alinikabidhi simu. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nastahili. Elkanah aliuliza tu kama bado naongoza darasa. Kisha akasema atakuja Jumamosi asubuhi na kadi na bisibisi, maana mtoto wa miaka kumi na mbili hawezi kuachwa aunganishe umeme peke yake.

Nilimuuliza Generosa kwa nini hakunifichia siri japo kidogo. Akasema hakujua kama kuna la kuficha, yeye alishaniruhusu siku ya kwanza, na mwenye haja ya kadi ya picha ukoo mzima anamjua mmoja tu.

Ijumaa, 26 Januari

Idara nzima ya kompyuta inaniita Alfred. Mtu wa mapokezi pia. Kuna aliyeniachia boksi la juisi mezani. Nimeinywa. Ilikuwa ya embe, nzuri.

Jumamosi, 27 Januari

Elkanah amefika asubuhi na mfuko wa mandazi. Tumefungua maboksi sakafuni. Yeye anafunga skrubu, Generosa anamulika tochi, mimi nasoma maelekezo kwa sauti na hakuna anayenisikiliza. Alipoliona kasha la taa za zambarau alishusha pumzi ndefu. Kadi ikaingia, ikabana, tak! Tukabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Taa zikawaka. Elinaja alipiga kelele, na Generosa, nimemwona kwa macho yangu, alitabasamu.

Ni kompyuta nzuri. Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Nyasi za uwanja zinaonekana moja moja. Zamani mpira wenyewe ulikuwa na pembe.

Alasiri, Laurean. Vipokea sauti masikioni. Sauti yake ni ileile, imekuwa nzito kidogo tu. Tukaanza. Dakika ya kwanza nikatoa mpira nje. Ya pili yeye akampiga refa. Nikamfunga goli, kisha nikagundua ni langoni kwangu. Naye badala ya kushangilia akampasia kipa wangu. Tukacheza hivyo nusu nzima, vipofu wawili ndani ya kabati moja.

Wakati wa mapumziko akacheka, halafu akakiri. Hajagusa gemu tangu tulipokuwa Saint Paul. Kompyuta kainunua baada ya kuniandikia, kwa haraka, asiumbuke. Alisema amewahi kushika simu mara nyingi anipigie, akashindwa ataanzaje baada ya ukimya wote ule. Gemu lilikuwa njia ya kubisha hodi.

Kipindi cha pili kilianza na hakuna aliyegusa kibodi. Wachezaji wetu walisimama uwanjani kwenye mvua, wanajikuna, wanatazamana, nasi tukazungumza. Baba yake amefariki, sikujua. Nikampa pole, ikiwa imechelewa kiasi hicho. Akauliza habari za Elinaja, nikamwita aje asalimie. Alimwelewa kila neno na kumjibu kwa Kiingereza, Laurean akacheka, akasema watoto wake wawili nao ni hivyohivyo. Mechi ikaisha yenyewe. Sare.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema ukweli wangu. Mlango wazi kabisa. Nikamwambia asijali, naelewa, si kila mtu ana nidhamu yangu ya mazoezi.

Jumapili, 28 Januari

Laurean amekuja kula mchana, mwenyewe kwa miguu yake. Amenenepa, mimi nimepata upara, tumekumbatiana mlangoni mpaka Generosa akalalamika tunaingiza baridi. Ameleta senene, panzi wa kukaanga aliotumiwa na dada yake kutoka Bukoba. Tumekula hadi tukalegea. Ameisifia mashine, hasa taa. Ana macho yule mtu!

Baada ya chai tulisimama dirishani. Kwenye ziwa la jirani watu wameketi kwenye ndoo juu ya barafu, wanavua samaki kupitia matundu. Laurean alisema siku zote ametamani kujaribu, ila hajui pa kuanzia. Akaniuliza kama nimewahi.

Nikasema kila mwaka.

Generosa aliweka kikombe chini. Laurean alirukaruka kama mtoto. Jumamosi ijayo basi, akasema, yeye atakuwa ananifuata mimi tu. Nikasema hakuna shida, nina sehemu yangu ya siri ambapo samaki hunifahamu.

Alipoondoka nimelala kidogo, usingizi mzuri sana. Mambo yote yamekaa sawa. Kesho ofisini nitamuuliza Elkanah, kwa kuzungukazunguka, barafu hutobolewa kwa kitu gani.