Kula Ni Siri

Jumatatu, 8 Januari 1979

Leo nimeandika barua tano kwa mkono wangu. Mimi Secilia, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niliyejifunza herufi juzi juzi katika darasa la kisomo. Wanaosema samaki mkunje angali mbichi waje wanione, samaki mkavu.

Barua ni za vikundi vya akina mama wa Ngara na Biharamulo. Mimi ndiye mlezi wao, mwaka wa tatu huu, bila mshahara. Sasa ni uchaguzi. Akina mama watapiga kula. Mlezi atakayeshinda atapanda lori la michango ya chakula kwenda kwa wanajeshi wetu, upande wa Bukoba. Nafasi ni moja tu, kando ya dereva.

Huko yuko Privatus, mjukuu niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Miezi miwili hajaandika. Nimemfumia sweta. Mkono mmoja umezidi mwenzake, atakunja.

Anayekitaka kiti changu ni Genoveva wa Biharamulo. Hana mtu vitani. Ana viatu vya kisigino tu, anataka vionekane.

Eufrazia, katibu wangu, ambaye pia ndiye mwalimu wa kisomo, aliomba kuzipitia barua. Nikakataa. Mwaka jana alinisahihisha mbele ya darasa zima kwa sababu niliandika "chakura". Akasema sisi Wahangaza tunapenda r mno. Haya. Tangu siku hiyo, neno likinitia shaka naweka l. Nimepona.

Nakala ya barua hii hapa:

"Ndugu akina mama. Nakuja kwenu kwa ajili ya kula. Kula ni haki ya kila mama. Kula ni siri, mtu asimchungulie mwenzake. Mnipe kula mimi, Genoveva msimpe hata moja. Zote nitabeba mwenyewe kwa kikapu. Bibi yenu, Secilia."

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nimetokwa machozi.

Jumatano, 10 Januari

Bugarama. Nimefika juu ya magunia ya kahawa, mgongo umekuwa wa mtu mwingine.

Restituta, mwenyekiti wa kikundi, amenipokea kwa shikamoo ya magoti mawili. Ndizi, maharage, mbuzi mzima. Nikauliza mbuzi katoka wapi wakati huu wa shida. Restituta akasema barua yangu ndiyo iliyomchinja. Heshima iliyoje.

Ila adabu yao mezani imenishangaza. Kila mama alichukua sahani, akaenda peke yake. Mmoja nyuma ya choo. Mmoja ndani ya zizi. Mmoja alijifunika kanga kichwani, nikaona kanga inatafuna. Nadhani ni hofu ya vita.

Nikamwita Restituta pembeni, nikamuuliza kuhusu kula. Akasema, "Tumemaliza, Bibi. Wote. Hata mwenye homa tulimsaidia." Nikamwambia kumsaidia mtu hakuruhusiwi. Akasema asingeweza kumeza peke yake.

Huyu mama ana maneno ya ajabu lakini ni mwaminifu. Amenipa kikapu kimefungwa kwa majani ya mgomba. Zako za kubeba hizi, akasema. Kizito. Bugarama nimeshinda.

Ijumaa, 12 Januari

Biharamulo, kwao Genoveva. Nilikuja na fimbo.

Sikuihitaji. Mama Ndassa, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, anaongoza kikundi cha hapa. Kanipa ugali, maziwa ya mgando, kuku. Nilikuwa nimeshakula kwa vikundi viwili njiani na kamba ya gauni nimeilegeza. Nikasema nimeshiba. Akasema imeandikwa wanipe, atanipa.

Kisha akanieleza mambo ya jana. Genoveva alipita hapa akiomba kula. Mama Ndassa akamwambia barua imekataza. Genoveva akasema hata kidogo tu. Mama Ndassa akamwambia hata moja. Akaomba maji. Wakajadiliana, wakaona maji barua haikuyataja, wakampa nusu kikombe.

Nimecheka mpaka kuku akataka kurudi.

Vikapu sasa vinne. Vinanuka. Niliporudi kwetu jioni, Eufrazia alikuja hadi kituo cha basi kunipokea, akasema Bibi, fungua tuone. Nikamkatalia. Kula ni siri mpaka zihesabiwe mbele ya watu. Akanitazama sana. Wivu.

Jumapili, 14 Januari

Kikundi cha tano, hapa kwetu Rulenge, baada ya misa. Wali, wakati huu ambao mchele hauonekani. Nimekula kwa utii.

Vikapu vitano nimeviweka chini ya kitanda nivilinde. Siafu wamegundua uchaguzi. Nimelala juu ya meza. Harufu ni kali, lakini nimejiambia kwamba akina mama wamefukia kula zao chini ya nyama ili Genoveva asizipate. Akili hizo nimewafundisha mimi.

Jumatatu, 15 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Ofisi ya michango, saa nne asubuhi. Bwana Idefonsi, msimamizi wa lori, nyuma ya meza. Genoveva kando, amekonda, viatu mkononi. Eufrazia mlangoni. Nikaviweka vikapu mbele yao kama bibi harusi anayeonyesha vyombo. Nikasema, hesabuni.

Bwana Idefonsi akafungua cha Bugarama. Akatoka nje. Akarudi na leso puani, akaniuliza hii ni nini. Nikasema kula za Bugarama. Akasema anaona. Akauliza kura ziko wapi. Nikasema si ndizo hizo.

Tukaenda hivyo kitambo. Yeye "kura", mimi "ndiyo, kula". Mpaka Eufrazia akaichukua kwangu nakala ya barua, akaisoma kwa sauti, akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Bibi yangu, kura ni ya sanduku. Kula ni ya sufuria."

Hakuna mama hata mmoja aliyechagua mtu.

Hilo si baya kuliko yote. Mbuzi wa Bugarama, kuku wa Mama Ndassa, mchele wa kwetu, vyote vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya wanajeshi. Nimekula chakula cha Privatus. Kijiji kwa kijiji, nikiomba chumvi.

Bwana Idefonsi hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema lori lina magunia saba, na lisipojaa kufikia Jumapili haliendi, wala na mimi wala na Genoveva. Kura zitarudiwa Jumamosi hapa Rulenge, vikundi vyote pamoja.

Nilitoka nikamkuta Genoveva ameegemea ukuta. Nikamuuliza amekula lini. Akasema mimi ndiye wa kujua. Nikamkokota nyumbani, nikampa viazi na maharage. Akamaliza sahani mbili bila kunitazama, nikamwekea ya tatu. Sikupendi, nikamwambia, lakini hufi njaa kwa mkono wangu. Akasema, mdomo umejaa, kwamba naye hanipendi, na chumvi imezidi.

Jumanne, 16 Januari

Nimewaza tangu alfajiri. Nimeipata sababu. Kosa si langu, ni la ile l. Nilitahadharishwa juu ya r, kumbe adui ni mwingine. Watu walinidanganya kwa herufi. Sasa nimegeuka. Neno likinitia shaka, naweka r, kama mama yangu alivyosema maisha yake yote, na hakuna aliyelala njaa kwake.

Kikapu nimekisugua kwa majivu. Sweta nimelikunja juu yake. Mkono mrefu nimeufuma tena, sasa mfupi ndio mrefu.

Barua mpya zimeondoka na basi la asubuhi. Nimeandika fupi, pasiwe na pa kuteleza:

"Ndugu akina mama. Jumamosi njooni wote Rulenge kwa kura. Si kula, ni kura. Safari hii kila mama ataandika jina mwenyewe, kwa hiyo kila mama aje na karamu yake. Kubwa au ndogo haidhuru. Asiye na karamu aazime kwa jirani. Atakayekuja bila karamu tutamrudisha. Bibi yenu, Secilia."

Eufrazia alikuja mbio akiomba aisome kabla basi halijaondoka. Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikampa uji. Nikamwambia apumzike, mwanangu, amenifundisha vya kutosha.